Injini Chini ya Busati

Salkyn aliletwa mtaani kwetu Karakol akiwa bi harusi wa Turat, na tangu wiki ya kwanza tulijua ni mtu wa milimani. Alikuwa akiongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake ng'ambo ya mto, hata kama mmesimama naye mlango mmoja. Baba yake alichunga farasi. Yeye mwenyewe alizaliwa ndani ya hema la sufu kule Kokbel, malisho ya kiangazi yaliyo nyuma ya mlima wa pili, ambako gari la kawaida halifiki. Mjini alijifunza kushusha sauti, akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate, akawa mwenzetu. Lakini kila mwaka theluji ilipoanza kuyeyuka, ungemkuta uani kashika beseni la nguo, maji yanamchuruzika miguuni, kaduwaa anaitazama milima.

Turat aliliona hilo mapema. Alikuwa dereva wa malori, mtu mpole, mzito wa maneno. Hakuwa mtu wa kumwambia mkewe kwamba anampenda. Alichofanya ni kununua Niva kuukuu, jipu la Kirusi, akaikarabati kwenye gereji aliyoijenga ubavuni mwa nyumba, yenye shimo la kushukia chini ya gari, na kila kiangazi akawa anawapakia mkewe na mama yake, Bi Kenje, anawapandisha Kokbel wakanywe kumisi. Walikuwa wakirudi nyuso zimebabuka kwa jua, wananuka moshi na maziwa ya farasi yaliyochacha, wamenenepa. Mimi na mume wangu Harki tuliwapungia mkono tu. Sisi ni Wadungani, Waislamu wenye asili ya Uchina, tunauza ashlanfu, tambi baridi za siki, sokoni, na milima tunaipenda ikiwa mbali.

Kisha Niva ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Majira ya baridi yalipoingia Turat akatoa injini na giaboksi, akapeleka injini kwa fundi wa kuchonga vyuma, akaweka pistoni mpya na beringi mpya, akaifunga upya mwenyewe sakafuni, taratibu, jioni baada ya jioni. Ilipofika wakati wa kuirudisha ndani ya gari, akapigiwa simu na mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Msafara wa malori kaskazini mwa Urusi ulikuwa unataka madereva, na nafasi haingesubiri. Alisema angerudi kabla kiangazi hakijaisha. Aliilaza injini juu ya tairi bovu, giaboksi pembeni yake, akavifunika kwa busati kuukuu la sufu la mama yake. Mlangoni akamwagiza Salkyn jambo moja: awe anaizungusha injini kwa mkono mara kwa mara, ili pistoni zisije zikanata.

Kiangazi kikapita, na kingine kikapita. Turat alikuja mara moja kumzika baba yake, theluji ikiwa magotini, akakaa siku chache, akaingia gerejini akafunua busati, akalifunika tena. Baada ya hapo ikawa sauti tu. Alipiga simu, akamjulia hali mama yake, akauliza kama kuni zipo, akasema huku ni baridi, akaaga. Mara chache alipopiga ya picha, tuliuona uso wake na kofia, basi.

Salkyn hakuacha kuizungusha. Alikuwa akitoka kiwandani, unga bado nyweleni, anachukua spana ndefu, anaivalisha kwenye nati kubwa ya mbele ya injini, anavuta. Injini inazunguka polepole na kutoa pumzi, kama mtu aliyelala. Mimi nilimkuta hapo mara nyingi. Akimaliza alikuwa anakaa kidogo juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono juu ya busati. Bi Kenje, ambaye ulimi wake haujawahi kuzeeka, alikuwa anamkejeli dirishani.

"Umetoka kumbembeleza mke mwenzio?"

"Nimetoka, mama."

"Amekula?"

"Amekunywa oili tu."

Walikuwa wakicheka wote wawili, halafu kicheko kinakatika ghafla.

Majira ya kuchipua ya mwaka juzi Turat alipiga simu mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilikuwepo, nimepeleka bakuli la tambi kwa Bi Kenje. Alimwambia Salkyn kwamba hataweza kuja mwaka huu pia, halafu akasema lile gari liuzwe. Kuna binamu yake wa Balykchy analitaka kwa ajili ya vipuri, anaweza kulifuata na lori. Salkyn aliuliza kama anajua anachokisema. Akajibu kwamba gari lisilo na injini ni chuma chakavu, hakuna haja ya kulitunza. Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayesoma.

Salkyn alikata simu bila kuaga. Hakulia. Alikwenda gerejini, na mimi nikamfuata kwa sababu sikuipenda sura yake. Alilivuta busati kwa nguvu mpaka vumbi likajaa chumba kizima, akasimama mbele ya ile injini, akaniambia kuwa mtu anayetaka kurudi nyumbani hauzi gari la nyumbani. Baada ya hapo akaniuliza kama winchi ya cheni ya Harki bado inafanya kazi.

Harki alipoambiwa alijikuna kichwa. Yeye si fundi. Ni mtu ambaye katika maisha yake ametengeneza magari yake mwenyewe kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumtengenezea. Alimwambia Salkyn kuwa injini ni kitu kimoja na kuirudisha ndani ni kitu kingine. Salkyn akajibu kwamba yeye amewahi kumsaidia farasi jike kuzaa mtoto aliyegeuka tumboni, na kwamba injini angalau haipigi mateke. Jumapili Harki akaja na winchi begani.

Tuliifunga winchi kwenye boriti ya paa, tukaizungushia injini minyororo, tukaipandisha. Nilikuwa sijawahi kuogopa hivyo. Chuma kile kilining'inia juu ya gari lililofunguliwa boneti, kikizunguka kidogo, na Salkyn alikuwa ameshikilia upande mmoja, akikisemesha kwa Kikirgizi neno lile wanalowaambia farasi watulie. Harki alishusha cheni, mimi nikaangalia waya zisibanwe. Injini ilikaa kwenye raba zake kwa ulaini ambao hatukuutarajia. Tulikunywa chai tumesimama, tukijiona mashujaa.

Giaboksi ndiyo iliyotuumbua. Hiyo huingia kutoka chini, kwa hiyo Salkyn na Harki walikuwa shimoni wakiinyanyua kwa jeki, na mimi nilikuwa nimelala sakafuni nikimulika tochi. Kuna mhimili mwembamba unaotokeza mbele ya giaboksi, ambao lazima upite katikati ya pleti ya klachi na uingie kwenye tundu lililo nyuma ya injini. Uliingia, ukaingia, halafu ukagoma. Ilibaki nafasi ya kidole kimoja kati ya vyuma viwili. Wakasukuma, wakatikisa, wakashusha wakaanza upya. Kidole kilekile. Harki, jasho linamwingia machoni, akasema tutie boliti tukaze, boliti zitaivuta zenyewe. Alikuwa ameshachukua spana. Salkyn akamshika mkono, akamwambia subiri, shemeji. Akafuta vidole kwenye gauni, akampigia Turat.

Simu ililia muda mrefu. Alipopokea alidhani mama yake ni mgonjwa. Salkyn akamweleza moja kwa moja kwamba yuko shimoni, injini imeshakaa, giaboksi imebakiza kidole na haiendi.

"Injini nani ameiweka?" Turat akauliza.

"Mimi na Harki na Lale."

"Lale wa ashlanfu?"

"Huyohuyo. Usicheke. Harki anataka kukaza na boliti."

"Mwambie aweke spana chini," alisema Turat, na sauti ile kavu ilikuwa imekwisha. "Akikaza mtavunja. Haijakataa, meno tu hayajakutana. Ingiza gea ya kwanza, halafu shika kile kipande cha nyuma kinapofungiwa propela, uzungushe polepole huku Harki anasukuma. Polepole, Salkyn. Utasikia mwenyewe."

Alizungusha. Harki akasukuma kwa bega. Pakatokea mlio mdogo, kama mlango uliofungwa vizuri, na kile kidole kikatoweka. Harki alicheka kama mwendawazimu. Salkyn aliegemeza paji la uso kwenye chuma, akasema kwenye simu kwamba imeingia. Turat akajibu kuwa amesikia.

Kuanzia siku hiyo akawa anapiga mwenyewe. Alikuwa anapiga jioni kabla ya kwenda zamu, akidai anataka kujua kazi imefikia wapi. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka kwamba boliti ya juu kabisa ya giaboksi ni ndefu kuliko wenzake na ameiweka kwenye kopo la chai lenye picha ya tembo. Alikumbuka waya wa stata una alama ya rangi ya kucha, rangi aliyoiiba kwa Salkyn mwaka walipooana. Salkyn akasema kumbe ndiye yeye, na kwamba amemlaumu wifi yake miaka yote hii. Nilikuwa nawasikia kutoka uani nikianika nguo. Walikuwa wakizungumzia rejeta na mipira ya maji, na mtu asiyejua angedhani ni wachumba. Katika ndoa yao yote sikuwahi kumsikia Turat akisema maneno mengi kiasi kile. Hata Bi Kenje alipunguza sauti ya televisheni, akijifanya vipindi havimfurahishi.

Lakini hakuwahi kusema anakuja. Salkyn naye hakuuliza. Aliniambia anaogopa akiuliza, zile simu zitakoma.

Kazi ilipokaribia mwisho, Salkyn alikaa kwenye usukani akakanyaga klachi, na pedali ikaanguka hadi sakafuni bila kukaza. Harki alishuka shimoni, akamulika kwenye tundu la pembeni, akatoa tusi ambalo sitaliandika. Ule uma unaosukuma beringi ya klachi ulikuwa umechomoka tulipokuwa tunatikisa. Maana yake giaboksi yote ilikuwa lazima ishuke tena.

Tuliishusha, kila mtu na uchovu wake. Salkyn akampigia Turat kuuliza jinsi beringi inavyofungwa kwenye uma, kwa sababu kulikuwa na springi ndogo iliyopinda kwa namna ya ajabu na sisi tulikuwa tumeshaijaribu kila upande. Turat alianza kueleza, akachanganya, akaanza tena. Mwishowe akasema hilo halielezeki, mpaka mtu aone. Salkyn akageuza simu iwe ya picha, akaiegemeza kwenye boksi la spana.

Uso wa Turat ulitokea, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amezeeka. Alichukua uma wa mezani na kipande cha waya, akaanza kuonyesha: huku unaweka hivi, halafu springi unaipitisha nyuma. Alifanya kwa mkono wa kushoto. Uma ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena. Salkyn alikuwa anatazama kwa makini, ameinama, beringi mkononi. Kisha akaacha kuitazama beringi.

"Mkono mmoja unashika uma, mwingine unabana springi," alisema. "Huo mwingine uko wapi?"

Turat akasema umeshika simu.

"Simu yako haitikisiki, Turat. Umeiegemeza mahali, kama mimi. Nionyeshe mkono wa kulia."

Harki alisema anakwenda kutafuta kitambaa, akatoka. Mimi nilikuwa shimoni, sikuwa na pa kwenda. Nilizima tochi.

Turat aliuinua. Kilikuwa kimebaki kidole gumba na kipande cha kidole cha shahada, na pale vilipokuwa vile vingine palikuwa laini, pekundu, pamevutika kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Akaeleza kwa maneno machache. Lori lilizima kwenye barabara ya barafu, bomba la mafuta limeganda, na glavu zilikuwa nene mno kwa kazi ile, akavua. Msaada ulipofika vidole vilikuwa vyeusi. Hospitalini walifanya walichoweza. Mwenye malori akampa kazi ya kulinda yadi, na hapo ndipo alipo tangu wakati huo, anawafungulia wenzake geti wanapoingia na malori yao.

"Umetuficha," Salkyn alisema.

"Ningekuja kufanya nini? Nikae kwenye ndoo niitazame injini?"

Nilidhani Salkyn atapiga kelele, kwa ile sauti yake ya milimani. Alikuwa na haki. Badala yake machozi yalimteremka na kuchanganyika na oili shavuni, na hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu kuliko uso. Kisha akaiokota beringi, akaisogeza mbele ya simu.

"Mikono iko hapa," akasema. "Wewe nipe maneno."

Akampa. Safari hii alieleza polepole, hatua kwa hatua, akimrekebisha, hapana, geuza, upande ule wenye mkunjo uwe juu, sasa bana. Springi ikaingia mahali pake. Giaboksi tukaipandisha jioni ileile, na ikaingia mara ya kwanza.

Siku ya kuiwasha, nusu ya mtaa ilikuja kusimama mlangoni, wengi kwa ajili ya kucheka. Iligoma, ikapiga chafya kupitia kabureta, ikagoma. Turat kwenye simu akasema msogeze distribyuta, kile kinachogawa moto kwenye plagi, kidogo tu kama mnavyofungua chupa. Harki akasogeza. Injini ikashika. Ilinguruma mwanzo kwa hasira, halafu ikatulia, na moshi wake ulikuwa mweupe, msafi. Salkyn alichukua simu akaisogeza karibu na boneti. Harki alipotaka kuizima ili tuzungumze, Turat alisema hapana, iacheni. Tuliiacha. Watu waliokuja kucheka wakaanza kuondoka mmojammoja.

Mwezi uliofuata walipanda Kokbel, na safari hiyo mimi nilikwenda, kwa sababu Bi Kenje alihitaji mtu wa kumshika kwenye mashimo. Nilitapika mara kadhaa na kuapa kutorudia. Salkyn alikuwa kwenye usukani, mgongo wima, akibadilisha gea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Tulipovuka mlima wa pili na bonde likafunguka, kijani mpaka chini ya theluji, mahema yakitoa moshi, alisimamisha gari katikati ya njia, akatelemka, akapiga ukelele mmoja mrefu. Kutoka ng'ambo ya mto mtu akamjibu. Alikuwa kaka yake.

Huko juu, bakuli la kumisi likiwa mkononi mwa Bi Kenje, ndipo Salkyn alipomwambia kuhusu mkono. Mwanamke yule mzee alikunywa, akafuta mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kumshika asianguke.

"Mwambie aje na hicho kilichobaki," alisema. "Mimi mwenyewe nimebaki na meno mangapi? Na bado ananiita mama."

Simu Kokbel haishiki. Kuna kilima kimoja tu, mwendo wa farasi, ambapo mtandao wa upande wa ziwa, kule chini Karakol, unafika ukiwa na bahati. Salkyn alipanda farasi wa kaka yake akaenda kuufikisha ujumbe. Alirudi jua limeinama, uso wake uking'aa kama wa msichana, akasema Turat atakuja kabla mifugo haijashuka. Basi wakangoja. Mimi nilishuka na lori la watu wa maziwa, biashara inanisubiri, lakini kaka yake alinisimulia baadaye. Kila vumbi lilipoonekana bondeni, Salkyn alikuwa anaacha alichokishika. Akikamua farasi, anaacha. Vumbi linakuwa la lori la nyasi, au la watalii waliopotea njia. Anarudi kukamua. Mifugo ikaanza kushuka. Akakaa mpaka hema la mwisho likavunjwa na theluji ya kwanza ikamkuta. Niva ikarudi na watu wawili, walewale niliokwenda nao.

Turat alisema likizo haikupatikana. Hakuna aliyemwamini, hata yeye mwenyewe.

Majira ya baridi yale, gari la kusambaza mikate la kiwandani lilishindwa kuingiza gea, na wenzake Salkyn wakamtania kwamba yeye ndiye fundi. Alilileta nyumbani. Aliweka simu juu ya rafu, akamwita Turat, akashuka shimoni. Likapona. Likaja lingine, la mwalimu, kisha la mtu wa mtaa wa pili. Gereji ikawa na kazi. Watu waliingia, wanaisalimu simu kwanza, wanaieleza gari lao linavyolia, na sauti ya Turat inawauliza maswali, na Salkyn anafanya. Alikuwa na furaha, nilimwona. Lakini siku moja tukimenya viazi aliniambia kwamba amechoka kumpenda mtu aliye juu ya rafu.

Majira ya kuchipua ya mwaka huu Turat alikuja. Hakumwambia mtu. Alishuka kwenye basi la Bishkek na begi moja, Salkyn akiwa kazini, na Bi Kenje ndiye aliyemwona getini. Alimfuata polepole, akautoa ule mkono mfukoni mwake kwa nguvu, akauinua usoni mwake, akaunusa, kama wazee wanavyomnusa mtoto mchanga. Salkyn alipofika aliwakuta wamesimama hivyohivyo. Mikate aliyobeba aliiweka chini kwenye theluji iliyobaki, akamwendea mumewe. Mimi nilirudi ndani. Kuna vitu jirani haangalii.

Ningependa kukwambia kwamba mambo yalikaa sawa tangu hapo. Turat alikuwa mgeni kwenye meza yake mwenyewe. Alikula kwa mkono wa kushoto, ametazama ukutani. Gerejini hakuingia. Wateja walipokuja alikaa ndani, na Salkyn akifanya kazi peke yake, na mambo mengine alikuwa anayakosea. Yule mtu aliyekuwa anaongea jioni nzima juu ya boliti na rangi ya kucha alikuwa amerudi kwenye ukimya wake wa zamani, tena mzito zaidi. Salkyn alikuja kwangu siku moja kukopa siki, akakaa kwenye kizingiti na chupa mapajani.

"Namkumbuka yule wa kwenye simu," alisema. "Ni dhambi, Lale? Huyu yupo chumbani, na mimi namkumbuka yule."

Nikamwambia si dhambi.

Wiki iliyopita Harki alimpelekea Salkyn pikapu letu, giaboksi inavuja. Nilikuwa uani kwao, nimempelekea Bi Kenje chakula kwenye meza ya nje. Salkyn alikuwa shimoni, na kwa mlio wa spana nilijua amekwama; kuna boliti ilikuwa inazunguka bila kutoka. Alimwita Turat mara moja, kwa sauti ya kawaida. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na yeye alikuwa ndani, nilimwona bega lake, lakini hakusogea. Kisha nikasikia simu inalia jikoni.

Turat aliitoa mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaitazama, akaipeleka sikioni.

"Nimekwama," sauti ya Salkyn ilisema, na niliisikia mara mbili, moja kutoka gerejini, moja kutoka dirishani. "Boliti ya pili kutoka chini. Inazunguka tu."

Turat akavuta kiti, akakaa. Akamuuliza inazunguka na nati au bila nati. Akamwambia ashike nyuma kwa spana nyingine, aisukume kidogo kwa bisibisi huku anafungua. Boliti ilitoka, nilisikia ikidondoka kwenye bati. Hakuna aliyekata simu. Turat akauliza oili ina rangi gani. Salkyn akasema nyeusi, kama chai ya mama yako, na Turat akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Akaanza kumweleza kuhusu lori moja huko kaskazini lililokuwa linavuja hivyohivyo, na dereva wake, na mbwa wa dereva huyo, na Salkyn akawa anauliza, halafu ikawaje, halafu.

Bi Kenje alinikonyeza nisogeze bakuli taratibu nisigonge meza. Nilitoka kwa ncha za vidole. Nyumbani Harki aliniuliza pikapu litakuwa tayari saa ngapi. Nikamwambia leo aende sokoni kwa miguu.